Ufukweni Mwanza kwa kiti mwendo cha umeme ukiwa na MS: hatua kwa hatua

Matembezi ya ufukweni huharibikia kwenye kurudi. Kwenda ni mteremko na asubuhi bado ina ubaridi. Kurudi ni mpando, jua limewaka, betri imeshuka, na mkono unaoshika kijiti cha kuendeshea umeanza kulegea. Kwa hiyo kila hatua hapa imepangwa kwa kuanzia safari ya kurudi.

Kwanza, ujue kwa nini joto ndilo adui mkubwa. MS (multiple sclerosis) ni ugonjwa unaoharibu utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Neva iliyovuliwa utando hupitisha taarifa kwa shida, na joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi tu, taarifa nyingine hazifiki. Macho yanaingia ukungu, miguu inakuwa mizito, mkono unachelewa. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza hali hii mwaka 1890. Ukipoa, nguvu hurudi, na joto lenyewe haliongezi madhara mapya kwenye neva. Lakini kama limekukuta katikati ya mchanga, hilo si la kujifariji nalo.

Hatua ya 1: Chagua saa

Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi, na hufika utosini karibu saa 7 mchana. Toka mara kunapopambazuka, uwe nyumbani kabla ya saa 4. Jioni inawezekana kuanzia saa 10:30, upepo wa ziwa unasaidia, ila lami na yale mawe makubwa huendelea kutema joto hadi giza. Sisi tunapendekeza asubuhi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, angalia kama usiku kulinyesha: njia ya udongo mweusi iliyolowa usiijaribu kabisa.

Hatua ya 2: Betri

Viti vingi vina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Chaji usiku kucha, na ukiamka usiku tazama taa ya chaja, maana umeme ukikatika saa 8 usiku hakuna atakayekuambia. Kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha kiti ni za sakafu tambarare. Mchanga na vilima hula nusu yake.

Geuza kurudi ukiwa umetumia theluthi moja ya betri. Kipimo kisome kiti kikiwa kinatembea mahali tambarare. Ukikisoma baada ya kupumzika nusu saa kitakudanganya, kwa sababu volti hupanda kidogo betri ikitulia, kisha huporomoka kwenye mpando wa kwanza.

Hatua ya 3: Mwenzako afundishwe kabla

Usitoke na mtu wa kusukuma tu. Ajue mambo matatu: kuendesha kwa kijiti akiwa ubavuni mwako, kupunguza mwendo, na kuachia gia. Kila mota ina kikono kidogo cha kuachia gia. Vikiachiwa vyote viwili kiti kinasukumika, lakini breki nazo zimeachiwa. Kwenye mteremko visiguswe. Kiti na mtu pamoja hupita kilo 150 kwa urahisi, na hakuna kijana wa kuzizuia zikishaanza kushuka.

Hatua ya 4: Kupakia kwenye kirikuu

Hapa ndipo viti vingi hupinduka. Pima kimo cha sakafu ya gari hilo dogo la mizigo. Ikiwa sentimita 65 na mbao zako za kupandishia kiti ni za mita 2.5, mwinuko ni takriban nyuzi 15, mkali mno kwa viti vingi. Mwambie dereva arudi nyuma hadi kwenye tuta au ukingo wa barabara. Kimo kikishuka hadi sentimita 40, mbao zilezile zinatoa nyuzi 9. Hata hivyo wewe usikae juu yake: kiti kipandishwe kitupu, kwa mwendo wa chini kabisa, mwenzako akiwa pembeni, kamwe nyuma. Kisha kizime na ukifunge kwa mikanda minne kwenye fremu. Sehemu za kuegemeza mikono hazihimili kufungiwa.

Kwenye kivuko cha Kamanga kuna lango la magari, kwa hiyo mbao hazihitajiki. Omba kupanda kabla ya magari, na ukabili ule ukingo wa chuma ukiwa umenyooka ili magurudumu madogo ya mbele yote mawili yaugonge pamoja. Kisiwa cha Saanane ni habari nyingine: boti ndogo na mawe kila upande. Kiti kizito kiache.

Hatua ya 5: Mchanga, mawe na nyuzi

Kiti kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma huzamisha yale madogo ya mbele. Geuka, ingia mchangani kinyumenyume. Beba vipande vitatu vya zulia kuukuu, kila kimoja mita 1.5, mwenzako avitandike kwa zamu. Ukikwama, achia kijiti papo hapo: gurudumu likizunguka bure linachimba, mota inapata joto na mtambo unapunguza nguvu au kuzima. Subiri ipoe, tia zulia chini ya magurudumu ya nyuma, ondoka taratibu.

Kwenye mialo ya wavuvi kuna hatari isiyosemwa sana: nyuzi za nyavu. Uzi mmoja wa nailoni ukijisokota kwenye ekseli ya gurudumu dogo unakaza hadi kiti kinavuta upande. Beba mkasi. Ndoano nazo hutoboa tairi.

Mtikisiko wa kokoto huchochea misuli kukakamaa, na mguu hurushwa nje ya kikanyagio. Funga mkanda wa kiuno na wa mashavu ya miguu.

Hatua ya 6: Poa kabla hujasikia joto

Gandisha chupa mbili za maji za lita 1.5 usiku. Kwanza ni barafu, baadaye ni maji ya kunywa. Zifunge kwa kitambaa, weka kwapani dakika 10, kisha hamisha. Ngozi isiyohisi huungua kwa baridi vilevile. Lowesha kanga uitupie shingoni na kifuani. Penye upepo inapoza sana, penye hewa tuli haisaidii kitu.

Wengi hupunguza kunywa maji kwa kuogopa kibofu. Mkojo mzito hukiudhi kibofu zaidi na huleta maambukizi. Kunywa kidogokidogo, na ujue choo kipo wapi kabla ya kutoka.

Kila nusu saa laza kiti nyuma dakika mbili kupumzisha ngozi ya makalio, mahali tambarare tu. Maji ya ziwa usiyaingie: kuna kichocho, na mota hazipendi kulowa.

Hatua ya 7: Ukirudi

Kata nyuzi, pangusa mchanga, kagua ngozi ya makalio na visigino kwa kioo, kisha chomeka chaja. Udhaifu wa joto huisha ukishapoa. Ukiendelea zaidi ya saa 24, au ukiwa na homa au mkojo unaochoma, nenda hospitali, maana huenda ni maambukizi au shambulio jipya la MS.