Motere ya turbo ya zamani: namna ya kuifungua na kuirudisha kama ni mara yako ya kwanza

Hapa Goma Land Cruiser za miaka ya 90 bado ziko nyingi, na watu wakiona moshi wa buluu wanakimbilia kununua turbo ingine (ile pompi inayosukuma hewa ndani ya motere), wanaifunga, kisha nayo inakufa. Turbo haifi yenyewe, inauliwa na mafuta machafu (mafuta ya motere, si dizeli), mafuta yasiyofika, ama vumbi, na kama hujajua ni gani kati ya hizo usinunue kitu kwanza. Nachukua mfano wa 1HD-T, ile silinda sita ya lita 4.2 ya Land Cruiser 80, juu iko na ugonjwa wake unaojulikana: kusine za biele (vyuma laini ndani ya biele, ile mikono ya pistoni) zinaliwa mbio.

Mbele ya kufungua, pima kompresyo (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda), na manometa (saa ya kuipima) iwe ya dizeli. Sikia hii vizuri: tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo namba itakuwa chini ya ile ya kitabu kwa asilimia 15 hivi hata kama motere iko nzima. Nimeona watu wanahukumu motere nzuri juu ya hiyo tu! Wewe angalia tofauti kati ya silinda na silinda, moja ikianguka peke yake ndo shida iko pale.

Kisha mwaga mafuta, kata filta na msumeno, kunjua ile karatasi juani. Ukiona vipande vinang'aa, kusine zimeanza kwenda. Toa na diriti (bomba ya mpira) ya hewa, shika mti wa turbo na vidole: kwenda mbele na nyuma usisikie karibu kitu, kando kando kidogo ni sawa, lakini majani yake yasiguse nyumba yake. Majani yakiwa yameliwa mbele, ni vumbi, na vumbi yetu ya mawe ya volkano inakula chuma, ikipita filta inamaliza turbo, segma (pete za pistoni) na silinda pamoja.

Kufungua si kazi ngumu, kazi ni kukumbuka. Piga picha kila hatua, weka bulo (skrubu kubwa) kwa mifuko na uandike, na kofia za biele usizichanganye hata siku moja, kila moja inarudi kwa biele yake na upande wake ule ule.

Sasa ndo pa kutuliza roho: kupima. Vilebreke (ule mti mkubwa unaozungushwa na biele) ipimwe na mikrometa sehemu mbalimbali, silinda zipimwe juu, katikati na chini, kulasi (kichwa cha motere) iwekwe rula ya chuma na uone kama imepinda. Ukikosa vyombo peleka kwa fundi wa tur (mashine ya kukata chuma) anayepima mbele yako na kukuandikia namba. Ni baada ya hapo tu unaagiza vipande, juu vilebreke ikikatwa milimeta 0.25 kusine nazo zinapaswa kuwa za 0.25, na ukishanunua za standadi duka halitazirudisha. Jwen ya kulasi (ile ya kuziba kati ya kulasi na bloki) pia, kwa dizeli nyingi unene wake unategemea pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloki, usichukue tu ile iko dukani.

Osha bloki mpaka ndani ya njia za mafuta, piga hewa, osha tena. Unga wa kukata silinda ukibaki, kazi yote imeharibika pale. Bulo za kulasi zinaanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na kle dinamo (kle inayopima nguvu ya kukaza) na namba za kitabu, nguvu ya mkono haitoshi hata kama fundi iko na miaka mingi. Kuruwa ya distribisyo (mkanda unaozungusha supapu pamoja na vilebreke) weka mpya, ile inabadilishwa kila kilometa 100,000, zungusha motere na mkono mizunguko miwili kamili na alama zirudi sawa mbele ya kugusa demareri (starta).

Turbo sasa. Badilisha ama safisha kabisa kabisa bomba inayoleta mafuta, na ile ya kurudisha iteremke vizuri bila kukunjwa, juu mti ule unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na unakaa juu ya mafuta tu. Mimina mafuta safi ndani yake, toa waya ya kukata mazutu (dizeli) kwa pompi, zungusha na demareri kidogo kidogo mpaka taa ya mafuta izime, ndo urudishe waya. Motere ikiwaka usiikanyage. Lakini usiiache ralanti (inawaka bila kukanyagwa) masaa mengi pia, segma mpya zinataka kazi kidogo ili zikae, nenda nayo barabara ya Sake bila mzigo, bila kuivuta sana.

Kilometa 500 za kwanza zikifika mwaga mafuta, kata filta tena, na ukaze kolie (vibano) za diriti zote za hewa kati ya filta na turbo.