Mradi wa kijiji uingieje kwenye bajeti: wapi pa kuanzia, kwa nani na lini

Watu wengi wakitaka zahanati au barabara wanasubiri mkuu wa wilaya apite kwenye ziara wamwage kero zao, anatoa agizo, watu wanapiga makofi, halafu mwaka unakatika hakuna kitu. Si lazima mkuu awe amedanganya. Mara nyingi lile jambo halikuwepo kwenye mpango wa ofisi yoyote, na hela ya serikali haitoki kwa jambo lisilokuwepo kwenye mpango. Kwa hiyo naeleza hapa njia inavyopita, kwa Tanzania Bara tu maana Zanzibar wana mfumo wao, na naomba ushike mambo mawili mapema: jua jambo lako ni la ofisi gani kabla hujatoka nyumbani, na uwe na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji mkononi.

Tuanze na mwenye jambo. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, hizi za wilaya zinazounganisha kata na vijiji ziko TARURA tangu 2017. Maji vijijini ni RUWASA, ilianza 2019. Umeme ni REA na TANESCO. Halmashauri inabaki na shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, minada, majosho, mambo ya namna hiyo. Sasa ukipeleka barua ya barabara kwa mkurugenzi wa halmashauri ataipokea vizuri tu, ila fungu la barabara haliko kwake, barua itazunguka mezani miezi na wewe unajua inafanyiwa kazi. Nenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala mpe diwani wako, maana yeye ana nafasi ya kumuuliza meneja huyo mbele ya baraza la madiwani.

Halafu muhtasari, na hapa ndipo vijiji vingi vinaanguka. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu, na ndio wenye kauli ya mwisho kijijini. Wajumbe wa serikali ya kijiji wasiozidi 25 wanaandaa tu na kutekeleza. Kwa hiyo mkikubaliana jambo lazima liandikwe: tarehe, mahudhurio yenye sahihi, nini kimeamuliwa, kijiji kinachangia nini, eneo liko wapi na lina ukubwa gani. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri, mwenyekiti asaini, na nyie wananchi mbaki na kopi, kwa sababu mtendaji akihamishwa mafaili nayo huwa yanapotea potea. Mnaweza kutumia ule utaratibu wa wananchi kupanga mipango yao wenyewe unaoitwa Fursa na Vikwazo, ni mzuri kwa sababu unawalazimisha kuanza na kile mlichonacho. Lakini vipaumbele viwe viwili au vitatu. Kijiji kikileta mambo kumi na tano afisa mipango atachagua lililo rahisi kwake, na hapo hamna pa kulalamika.

Kuhusu maboma, yaani majengo ambayo wananchi wameyaanza wenyewe na hayajamalizika. Nguvu za wananchi ni kitu kikubwa, boma lililofika kwenye lenta linambana hata afisa mgumu, lakini tafadhali msianze kuchimba msingi kabla hamjachukua ramani ya serikali kwa mhandisi wa halmashauri na kupata uhakika kwamba eneo halina mgogoro. Boma la vyumba vilivyopunjwa vipimo linaweza kukaa miaka linaota majani huku watu wameshatoa mchanga, mawe na hela zao.

Muda sasa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linaanza Aprili, na halmashauri zinakuwa zimeshapitisha makisio yao mapema mwaka, baada ya Hazina kutoa mwongozo na TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri zote, kugawa ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Yaani ukija na barua Machi umeshachelewa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai hiyo, unaongelea ule wa baada yake. Hesabu kinyumenyume: mkutano mkuu umalize kazi Agosti au Septemba, Oktoba jambo liwe limefika kata.

Kwenye kata kuna WDC, yaani kamati ya maendeleo ya kata, mwenyekiti ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji vyote ni wajumbe. Hapa ndipo kijiji kinagombana na kijiji na mimi naona ndio hatua muhimu kuliko zote, kwa sababu kata ikipeleka kitu kimoja kwa sauti moja inasikika, ikipeleka vinne vinavyopingana hakuna kinachopita. Ongeeni kabla ya kikao. Mkubaliane kwamba kituo cha afya kinajengwa pale watu wa vijiji vyote wanapofika kirahisi hata kama sio kwenu, na nyie mnaungwa mkono kwenye bweni la sekondari mwaka unaokuja, na hilo nalo liandikwe kwenye muhtasari wa WDC.

Ikifika halmashauri mtu wa kumuona ni afisa mipango. Mwulize swali moja, mradi wetu umeingizwa kwenye PlanRep, yaani mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri? Kama haumo kwenye mfumo huo hata ukiahidiwa na nani bado hauko kwenye bajeti. Unapita kamati ya fedha, unapita baraza la madiwani ambalo mbunge naye ni mjumbe, kisha vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, sekretarieti ya mkoa inachambua, unaenda TAMISEMI, Hazina, Bunge. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa hawana kura ya kupitisha bajeti kwenye baraza, lakini wana nguvu ya kuwakalisha wataalamu wanaokwepana, kwa mfano RUWASA wanapotaka kuchimbia bomba pale pale TARURA wanapotaka kujenga daraja. Watumieni kwa hilo.

Kuna mambo hayaishii mpakani kwenu. Malisho, maji, msitu. Ng'ombe hawajui kijiji kinaishia wapi, kwa hiyo mkipanga matumizi ya ardhi peke yenu mnamsukumia jirani ugomvi na utarudi. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007 inaruhusu vijiji kupanga pamoja, kule wilaya ya Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao yakaitwa OLENGAPO. Maji nayo yanasimamiwa kwa mabonde 9, sio kwa mikoa, hivyo skimu ya umwagiliaji inahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu, na kibali hicho kitafuteni kabla ya kuomba hela za mfereji.

Bajeti ikishapita msilale, kwa sababu fedha kutengwa sio fedha kutoka. Mradi unaweza kukaa kwenye kitabu mwaka mzima na akauntini haijaingia hata shilingi. Baraza linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, kwa hiyo wiki mbili kabla mpeni diwani swali limeandikwa: kiasi gani kimepokelewa, kimetumika kwa nini, kimebaki ngapi. Jibu atakalopewa lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na libandikwe ubaoni, na kama robo mbili zimepita hakuna kilichopokelewa, rudisheni mradi huo WDC mapema uombewe upya kwenye bajeti inayofuata, msisubiri Juni 30.