Kitembe kimoja, miche kadhaa

Nimezichoka mbegu zinazogoma kuota za kitembe, ule mgomba-mwitu mnene (Ensete ventricosum) tunaopanda mbele ya nyumba kwa urembo. Ni ngumu kama kokoto, na mgomba wenyewe hauchipui pembeni kama wa matooke, ndizi za kupika. Fanya wafanyavyo Waethiopia, wao wanaoulima kwa chakula: chukua wa miaka 2 hadi 4, kata shina shubiri moja juu ya ardhi, ng'oa tunguu, lile bonge la chini ya shina, kisha chokoa kile kiini cheupe cha katikati mpaka kibaki kishimo. Liache siku chache kivulini jeraha likauke, ulifukie kwenye udongo wenye samadi. Kiini ndicho kinachoyalaza macho ya pembeni, yanapotokea machipukizi. Kikitoka, yote huamka. Baada ya miezi miwili mitatu utaona vichwa vyekundu-vyekundu vikisukuma udongo. Ukibakiza kiini hata kidogo, utapata mgomba uleule mmoja. Uliokwisha kuchanua usihangaike nao, unakufa. Maji yakituama, tunguu linaoza. Na panga lipitishe motoni kwanza: mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001, hushika kitembe na matooke ya jirani vilevile.