Namna ya Kupima Takwimu za Mlinzi wa Besi wa Miaka ya Vita

Ukishika jedwali la takwimu za mlinzi wa besi aliyecheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani kati ya 1941 na 1946, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia na kurejea kwa wachezaji, usianzie kwenye jumla iliyo chini. Anza na miaka. Iandike yote kwa mfululizo, na ile isiyokuwamo uiwekee alama, maana majedwali mengi hayana mstari wa mwaka ambao mtu hakucheza na jicho hupita bila kushtuka. Pee Wee Reese wa Brooklyn na Phil Rizzuto wa New York Yankees, wote mashotistopu (walinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu), hawana 1943, 1944 wala 1945: walikuwa jeshi la wanamaji. Reese aliondoka ana miaka 24, umri ambao miguu ya shotistopu huwa myepesi kuliko wakati wowote. Mechi za timu za jeshi hazihesabiwi.

Pengo hilo usilijaze sifuri. Chukua wastani wa misimu miwili kabla na miwili baada, kisha uzidishe kwa misimu iliyopotea. Kwa Reese njia hii inafaa. Kwa Cecil Travis wa Washington inapotosha kabisa. Mwaka 1941 alipiga wastani wa 0.359 (mapigo salama, yaani yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, kugawanywa kwa mara alizopiga), mapigo salama 218, na hakuna aliyemfikia kwa mapigo hayo katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Akaenda vitani, baridi ya 1944–45 ikamkuta kwenye mapigano ya Ardennes, huko Ulaya, barafu ikamuumiza miguu. Mwaka 1946 alipiga 0.252, uliofuata 0.216, akastaafu. Kwake tumia misimu ya kabla peke yake, la sivyo unamtoza hasara ya vita mara mbili.

Waliobaki nyumbani wana shida ya kinyume: warushaji wakali, wale wanaomrushia mpigaji mpira, walikuwa jeshini, hivyo takwimu za kupiga zilipanda kwa urahisi. Snuffy Stirnweiss wa Yankees alitwaa ubingwa wa kupiga (wastani wa juu kuliko wote katika ligi) 1945 kwa 0.309, wastani wa bingwa uliokuwa, hadi wakati huo, mdogo kuliko wote katika American League tangu 1905. Waliokuwa vitani waliporudi 1946 akashuka hadi 0.251. Hata hivyo ni dhuluma kuwakata wote kwa kisu kimoja. Lou Boudreau wa Cleveland, aliyeachwa na jeshi kwa sababu ya vifundo vibovu vya miguu, alikuwa bingwa 1944 kwa 0.327, na 1948, mbele ya warushaji wote waliorejea, akapiga 0.355. Kwa hiyo hukumu itoke kwenye misimu ya 1946 na kuendelea.

Mwanzo wa msimu wa 1943 utazame peke yake. Mpira wa asili, malighafi ya kutengenezea mipira, ulikuwa adimu, mipira ikatengenezwa kwa balata, utomvu mgumu wa mti, ikawa hairuki mbali ikipigwa kwa gongo.

Kwa ulinzi, jumlisha wapinzani aliowatoa mwenyewe na pasi zake zilizomwezesha mwenzake kumtoa mpinzani, ugawe kwa jumla hiyo pamoja na makosa. Aliyetoa 300, pasi 450, makosa 30: 750 kwa 780, yaani 0.962. Hesabu hii haionyeshi mipira ambayo hakuifikia, hivyo gawa pia zile 750 kwa mechi zake. Katika mechi 150 ni 5 kwa mechi. Mlinzi mzito mwenye makosa machache hunaswa hapo.