Kisia kwanza, alafu ndo uangalie

Kuna ushauri mmoja unanichosha sana, ule wa "kuwa mdadisi, furahia vitu vidogo". Sawa, nimekubali, sasa naanzia wapi? Ni kama kumwambia mtu cheka, atacheka nini? Mi nimejaribu mengi na mengi yamenishinda, kilichobaki ni kitu kimoja tu: kabla hujaangalia kitu, kisia utaona nini. Basi. Mtu ambaye hakutegemea chochote hawezi kushangaa.

Kama huniamini chukua karatasi sasa hivi. Chora msalaba mdogo kushoto na doti nyeusi kulia, viachane kama sentimita 8. Ziba jicho la kushoto, lile la kulia likazie msalaba na usihame hapo hata kama doti inakuita, shika karatasi kwa urefu wa mkono alafu isogeze usoni taratibu. Ikifika kama sentimita 30 hivi doti inapotea, mazima kabisa, na ukizidi kusogeza inarudi. Nyuma ya jicho kuna sehemu ambapo mshipa wa fahamu unatokea kwenda kwenye ubongo, na hapo hakuna kitu cha kupokea mwanga, Mfaransa mmoja anaitwa Edme Mariotte ndo aliligundua hili miaka ya 1660. Ila utamu siyo doti kupotea. Utamu ni kwamba huoni shimo, unaona karatasi nyeupe tu kama kawaida! Ubongo umejazia pale bila kukuomba ruhusa. Rudia tena lakini safari hii chora mstari upite kwenye doti, utaona doti imeondoka na mstari umeunganika vizuri kabisa.

Sasa mchezo huohuo ndo unachezewa kutwa nzima na mlango wako, ngazi zako, sura ya mtu unayekaa naye. Unafikiri unaviona kumbe umeshajaziwa. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Nickerson na Adams, waliwapa watu kazi ya kuchora kwa kumbukumbu sarafu ya senti moja, kitu wamekishika maisha yao yote, na wengi wakavuruga. Mi nilijaribu na saa yangu ya ukutani. Nikachora kwa kujiamini, namba zote 12, nikainua macho, kumbe ina namba nne tu na zilizobaki ni vistari. Saa ambayo naiangalia kila asubuhi nikiwa nimechelewa! Nilicheka peke yangu kama chizi. Jaribu na wewe, chagua kitu kilichoko nyuma yako sasa hivi, usigeuke kwanza, chora.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la sisimizi. Ukiwakuta wamejipanga mstari ukutani usikimbilie dawa, lowesha kidole alafu jiulize nikipitisha hiki kidole kukata njia yao watafanya nini, watavuka tu au watazunguka au watageuka? Chagua moja, sema kwa sauti, usijidanganye baadaye. Alafu pitisha. Wa kwanza kufika pale anasimama ghafla kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, anapapasa kulia, anapapasa kushoto, wa nyuma anamgonga, mwingine anageuza kabisa anarudi alikotoka na kila anayekutana naye wanagusana vichwa kidogo, na foleni inazidi kujaa pande zote mbili. Kumbe hawakuwa wanafuatana kwa macho, wanafuata harufu ambayo wenzao wameipaka njiani na wewe umeifuta. Subiri usiondoke, kuna mmoja atapita kwa kubahatisha, wa pili atamfuata, na mstari utaunganika tena. Siku ile nilisimama pale mpaka chai ikapoa.

Na chai yenyewe, tone lake likikauka mezani angalia doa, ukingo mweusi katikati peupe. Mi nilikuwa nimekisia kinyume. Ukingoni ndo panakauka haraka, kwahiyo maji ya katikati yanakimbilia huko na kubeba chembe zote, na maelezo haya yalichapishwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1997 tu, wakichunguza doa la kahawa. 1997! Watu wamemwaga kahawa karne ngapi?

Stori ya Erasto Mpemba najua unaijua, mwanafunzi wa Tanganyika mwaka 1963, maziwa yake ya moto yakaganda kabla ya yaliyopoa. Kuna kipande watu wanakiruka. Hakuwa anafanya utafiti wowote, alikuwa anawahi nafasi kwenye friji kabla haijajaa, akaruka hatua ya kupoza. Alafu alipoambiwa umechanganya mambo hakulitupa lile swali, alikaa nalo miaka mpaka akamuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kutembelea shule, naye akaenda kupima, wakachapisha pamoja mwaka 1969. Wanasayansi bado wanabishana mpaka leo.

Kwahiyo ukitaka ubunifu anzia hapo, chukua jambo unalolifanya kila siku na ruka hatua moja au jinyime kitu kimoja. Piga picha 10 za vivuli tu, basi. Tatu za kwanza zitakuwa za kawaida, kama za kila mtu, ya tano unaanza kuboreka, ya saba unajikuta umelala sakafuni na simu na kuna kitu cha maana kinaonekana. Ukiacha kwenye ya tano umekosa, na wengi wanaachia pale.

Andika, lakini usinunue daftari zuri, mi nililinunua nikaogopa kulichafua likakaa mwaka mzima, sasa hivi natumia migongo ya risiti. Swali, kisio langu, tarehe. Na sheria ngumu kuliko zote, usitafute mtandaoni kabla ya kukisia, maana jibu linaingia na kutoka na kesho hulikumbuki.

Kuna siku haitafanya kazi na siyo kosa lako. Mtu ana deni au anauguza hana haja ya kuambiwa akaangalie sisimizi, hiyo siku pumzika tu.

Ukiwa uko sawa nenda bombani. Fungua maji kidogo sana, yaanguke taratibu bila kuruka. Ule mkondo pale juu unapotoka na kule chini karibu na sinki, wapi ni mnene zaidi? Kisia kwanza, na sababu yako uiandike kwenye risiti. Mi sisemi.