Kubana gharama ya mishahara ya kaunti bila kufunga zahanati za Lamu

Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote. Kaunti ikipata shilingi bilioni 4 kwa mwaka, mwisho ni bilioni 1.4, yaani kama milioni 117 kwa mwezi. Ukishapita hapo, usikimbilie kufuta watu. Wahesabu kwanza.

Orodha ya wakuu wa idara haitoshi, kwani aliyeingiza mfanyakazi hewa ndiye huyo huyo atakayeandika kwamba yupo. Hakiki watu vituoni, kote siku moja: Mokowe, Amu, Faza, Mpeketoni, Kiunga. Ukihesabu Amu leo na Faza kesho, mtu hupanda boti akahesabiwa pande zote mbili. Timu ya kisiwa cha Pate, kilipo Faza, ipange safari kwa bamvua na maji kujaa. Maji yakipwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri. Kila mtumishi alete kitambulisho, barua ya ajira na hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Kisha panga orodha nzima kwa nambari za akaunti za benki: akaunti moja yenye majina mawili hujitokeza papo hapo.

Asiyeonekana aandikiwe barua ajieleze kabla ya mshahara wake kuguswa. Huenda yuko likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na kesi mahakamani itakula zaidi ya ulichookoa.

Vibarua ndio mtego. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inampa haki za mkataba kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi kutimiza mwezi. Wengi huwachukua kama njia rahisi, kisha wakajikuta na watumishi ambao hawamo kwenye bajeti.

Sasa orodhesha watakaofikisha miaka 60, umri wa kustaafu, katika miaka mitano ijayo, kituo kwa kituo. Kusimamisha ajira zote kwa mkupuo huonekana ni haki, lakini makarani hubaki walipo, wauguzi huondoka. Zahanati ya wauguzi wawili ikipoteza mmoja, aliyebaki hana likizo, na akiugua mlango unafungwa. Nafasi ya karani iache ife. Ya muuguzi itangazwe miezi sita kabla, kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti.

Katika hesabu ya kila ajira mpya, weka posho ya nyumba, ya mazingira magumu, mchango wa mwajiri wa NSSF (hazina ya hifadhi ya jamii), na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Mshahara wa msingi peke yake hudanganya.