Somo: Laptopu yako ina GPS, au inakisia tu?

Assalamu alaykum, wanachama. Juzi tukiwa gatini hapa Lamu, mwanangu alifungua ramani kwenye laptopu, kitone kikatuweka Nairobi. Akauliza kama GPS imeharibika. Haikuharibika, haimo.

Laptopu nyingi hazina GPS, na MacBook zote hazina. Kitone kile hukisiwa kwa Wi-Fi za jirani, na zikikosekana kwa anwani ya intaneti. Mjini si haba. Ukishakipa kijiji cha Shela mgongo kwenda baharini, hakuna Wi-Fi ya kukisia.

1. Angalia kama ina mahali pa kutia laini. Baadhi ya ThinkPad, Latitude na EliteBook zenye modemu ya 4G zina GPS humo humo. Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, utazame kundi la Sensors.

2. Kama haimo, nunua kipokezi cha USB. Kichomeke, kitapewa namba, mfano COM3. Kisha toka nje, usikae chini ya paa la bati. Kinatafuta satelaiti zisizopungua 4, nazo ziko kilomita 20,200 juu yetu. Mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa, subiri.

3. Pakua OpenCPN, programu ya ramani za baharini, ni ya bure. Kwenye miunganisho chagua COM yako, kasi 4800 au 9600.

4. Soma namba za mahali ulipo, na hapa tuliza akili. Gatini, nikikata desimali za mwisho, hutokea hivi:

0216.2,S,04054.0,E

Wengi husoma 2.162. Sivyo! Ni digrii 2, dakika 16.2. Gawa 16.2 kwa 60 upate 0.27, kwa hiyo ni 2.27 kusini. Kosa hilo moja linakupeleka kilomita 12 kaskazini ya ulipo, na chombo kina watu.

MASWALI

Mwalimu, simu yangu ina GPS. Nikiwasha hotspot laptopu itaipata?
– Hapana, kaka. Hotspot hupitisha intaneti tu. Tia kwenye simu programu ya kutuma NMEA (ndiyo lugha ya zile namba za GPS) kwa Wi-Fi, kisha OpenCPN iipokee kupitia mtandao badala ya COM.

Inakula bando?
– Satelaiti hazidai kitu, dada. Kinachokula bando ni ramani, basi zipakue ukiwa bado mjini.

Nikiwa nayo, naweza kupita Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, usiku?
– Ndugu yangu, usijaribu. GPS hukwambia uko wapi, na hukosea mita chache tu, lakini haijui kina. Maji yakipwa Mkanda haupitiki, na mafungu huhama hata ramani isijue. Ngoja maji yajae, uende na nahodha anayeujua mlango ule, laptopu ikae ndani ya mfuko usioingia maji.